Saa Ilipovuliwa

Juzi, katika chumba cha dharura huku Likoni, jamaa aliyemleta mamake mgonjwa alianza kwenda na kurudi mbele ya meza ya muuguzi. Mara akasimama, akakunja mikono ya shati, akavua saa na kumpa mkewe.

"Nishikie hii."

Mke akaipokea kama aliyezoea.

"Kaka yangu, keti tafadhali, zamu ya mama inafuata," muuguzi akamwambia, huku akirudi nyuma.

Mzee aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Wallahi, huyu atapiga mtu."

Mlinzi alikuwa langoni, akipekua vikapu vya uji wa wagonjwa.

Kofi lilipomfika muuguzi, sote tulipiga mayowe eti tumeshtuka. Uongo mtupu! Tulikuwa tumeshasogeza benchi, tupate kuona vizuri.