Nilinyamazisha Sensa ya Moshi, Kisha Nikamsingizia Mama

Nimekosa, na sikukosa kwa kutojua. Hilo nilitaka lieleweke kabla hujaanza kunionea huruma.

Naishi Nshambya, Bukoba. Nina duka la vipodozi mjini, mume wangu anafanya kazi Mwanza, na binti yetu Brenda yuko shule ya bweni. Wezi walituingilia mchana wakabeba televisheni, ndipo mume wangu akaleta fundi atufungie alamu.

Fundi alinieleza kila kitu. Mlango wa mbele unakupa nafasi ya kuingia na kubonyeza namba kabla king'ora hakijalia. Madirisha na sensa ya sebuleni, kile kifaa kinachohisi mwendo, havikupi nafasi, mtu akipita tu kinalia hapo hapo. Lakini vyote hivyo vinafanya kazi ukiwa umewasha mfumo. Ukiuzima, vinalala.

"Ila hii ya moshi hapa koridoni," akasema, "nimeiweka zoni ya saa ishirini na nne. Uwashe mfumo, uuzime, yenyewe iko macho."

Nikaitikia. Nilielewa vizuri kabisa.

Kisha Mama akaja kutoka Kishanda, kule Muleba, kutibiwa macho. Mama amepika maisha yake yote. Kukaa kwenye kochi aliona ni ugonjwa. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukaingia, akawa anawachambua na kuwakaanga mpaka moshi unafika koridoni. King'ora kikalia. Siku ya pili kikalia tena.

Jirani yangu, Mama Zuhura, akaniita kutoka upande wa pili wa uzio, wenzake wamemzunguka. "Mama Brenda, leo wezi wamefuata senene?"

Wakacheka. Nikawadharau: wanawake wa kukaa kwenye vibaraza, hawana kazi, hata geti hawana. Niliingia ndani nikamtolea Mama hasira zote.

"Mama, huku si kijijini. Huku watu hawafukizi nyumba kama wanaivisha ndizi."

"Nisamehe, waitu," akasema, kwa lile neno letu la Kihaya la kubembeleza. "Sikujua kama kinaniona."

Mtu wa umri wake, akiomba msamaha kwa kukaanga chakula, nami nimesimama mbele yake mkono kiunoni.

Jioni hiyo nikafungua programu ya alamu kwenye simu, nikaitoa sensa ya moshi kwenye zoni yake, nikaiweka kundi moja na madirisha. Sasa ingefanya kazi nikiwasha mfumo tu. Na Mama akiwa ndani sikuwasha kamwe, maana sensa ya sebuleni ingemlilia kila anapopita. Yaani Mama akiwa nyumbani, hakuna kinachomlinda na moshi. Niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo, nikabonyeza kukubali.

Mama akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, likafungwa bandeji. Jingine lilikuwa halioni vizuri. Asubuhi moja nilikuwa nanyoosha blauzi juu ya kitanda changu, umeme ukakatika. Nikavaa nyingine, nikaiacha pasi hapo hapo, waya umechomekwa, nikaenda dukani.

Umeme ukarudi.

Godoro lilianza kuungua taratibu, Mama amelala chumba cha mwisho. Nyumba yangu yenye king'ora cha kuamsha mtaa mzima haikutoa sauti. Aliamka anapaliwa. Akapapasa ukuta, na badala ya kutokea jikoni akaingia chumbani kwangu. Alidhani nimerudi nimelala. Alipapasa kitanda kile kwa mikono miwili, akinitafuta.

Mama Zuhura aliona moshi dirishani. Alivunja mlango wa jikoni kwa jembe, akaingia, akamburuta Mama mpaka nje. Huyo niliyesema hana kazi.

Kaka yangu Deo, ambaye ni mzee wa kanisa, alifika hospitali siku hiyo hiyo kutoka Kishanda.

"Imekuwaje?" akauliza.

Nikajibu bila kusita. "Alikuwa anakaanga senene."

Mama alikuwa macho, mikono imefungwa hadi viwiko. Kaka akamgeukia. "Ni kweli, Mama?"

Akageuza uso upande wangu. "Ni kweli."

"Jicho moja, na bado unacheza na moto," Kaka akasema.

Akamrudisha Kishanda. Mke wake akachukua viberiti vyote, na jiko la Mama likafungwa kufuli. Wanajumuiya wa kanisani wakaja kumwombea akili zake. Mimi nikatuma pole kwa simu na kununua godoro jipya.

Miezi ikapita ndipo nikaenda kumsalimia. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamkuta mlangoni kwa mke wa Kaka, anaomba ruhusa asogee mekoni aote moto. Kwenye kibanja chake mwenyewe, shamba la nyumbani alikoolewa.

Nikasema yote, Kaka akiwepo. Pasi, sensa, kila kitu.

Kaka hakupaza sauti. Alinitazama kama kitu kilichong'ang'ania kwenye kiatu. "Umezoea kupaka watu poda," akasema, "mama yako ukampaka masizi." Akatoka akalifungue jiko.

Nikapiga magoti. "Mama, kwa nini ulikubali?"

"Kaka yako alikuwa amekasirika. Nikaona bora anikasirikie mimi, mimi ni mzee." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Lakini sikudhani ungeniacha kwenye uongo huo muda wote huu."

Jiko amerudishiwa, ila vidole vya mkono wake wa kulia havikunji tena kushika kisu. Hawezi kumenya ndizi. Nilimwomba arudi Bukoba, akasema hapana, kwa upole, na sijaomba tena.

Wewe uliyefunga alamu, kaa na fundi wako muulizane sensa moja moja: hii ikilala, ni nani anabaki bila ulinzi? Ya moshi isilale kamwe. Ikikusumbua, ihamishwe mbali na jiko, iletwe inayofaa kwa jikoni, au ufungue dirisha. Usiizime kijanja kwenye simu kama nilivyofanya mimi mpumbavu.

Na ukijikuta unatafuta namna ya kuinyamazisha, jiulize kwanza unamwonea nani aibu. Mimi nilimwonea aibu mama aliyenizaa, kwa sababu alinuka moshi.