Mbio Zangu za Upanga

Mimi ni mtu wa ndani tangu utotoni. Hata uani kwetu, pale Kariakoo, nilikuona mbali. Kwa hiyo asubuhi aliyofariki baba mkubwa, baba aliponituma Upanga, nilijua wamekosa mtu.

"Mwambie shangazi yako aje amwone kaka yake," alisema. "Adhuhuri ikishaswaliwa tunazika."

Nilikimbia, kanzu nimeipandisha magotini. Shangazi nilimkuta barazani anakata kashata.

"Jamani, mwali katoka ndani leo! Nani kakufukuza?" Akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

Nilitafuta pa kulitia neno la msiba katikati ya kicheko kile, nikakosa. Akanipa kashata mbili. Nikala. Nikamwambia nilikuwa napita tu, mimi ambaye sijawahi kupita popote, nikarudi mbio.

"Umefika?" baba aliuliza.

"Nimefika." Na hapo sikusema uongo.

Shangazi alikuja magharibi, kaambiwa na muuza samaki. Nyumbani wakamnunia: kaitwa asubuhi, kaja kaburi limeshafukiwa. Naye akaamini wameacha kumwita makusudi, akaacha kuja. Mimi kimya, miaka miwili.

Mpaka siku mwalimu wa hesabu alipochora nyumba na duka ubaoni. "Mtu kaenda dukani maili moja, karudi, yote kwa nusu saa. Mwendo wake wa wastani?"

"Maili nne kwa saa!" darasa likajibu.

"Vyema. Hiyo ni njia yote aliyokanyaga. Sasa pimeni kutoka alipoanzia mpaka alipoishia, mgawe kwa muda uleule. Kwa wastani, kasogea kwa kasi gani, na upande gani?"

"Sifuri, bwana," nilisema. "Hakwenda popote."

Wenzangu wakanipigia makofi. Nilitamani niingie chini ya dawati.

Jioni ile nilikwenda Upanga, polepole kama anayepelekwa kutahiriwa. Nikamweleza shangazi yote, hata kashata.

Hakucheka. "Umeninyima uso wa kaka yangu," alisema.

"Nisamehe, shangazi."

"Hayo baadaye. Kwanza utakwenda kumwambia baba yako, mbele yangu."

Akajitanda buibui, akatangulia. Sijawahi kuiona Kariakoo karibu vile.