Sahani ya Keremkerem

Mama mkwe wangu hakuwa akihesabu miezi. Akihesabu ndege. Masika yakiingia, mnana walijazana kwenye mnazi wa ua wetu, wakisuka viota na kupiga kelele kama wamealikwa harusi, naye akisema haya, tupande mchicha. Kipupwe kikija, ninga walishuka kwenye mpera, wakala mapera mabivu, wakatuachia mabovu. Vuli ikikata na kaskazi ikishika, walikuja keremkerem: ndege wa kijani, mdomo mrefu, kazi yao kudaka nyuki hewani na kuwapigapiga kwenye kamba yangu ya nguo mpaka wafe. Kunguru sitawataja. Wao msimu hawana, na adabu pia hawana.

Hao keremkerem ndio walionitesa mimi.

Mume wangu aliondoka na upepo wa kusi, mwaka ule wa Mapinduzi, udi wa harusi haujatoka nguoni. Akasema anakwenda Arabuni kutafuta maisha. Salamu zake zilikuja mara moja tu, kwa mdomo wa msafiri: mzima, bado anatafuta. Sijui aliangusha nini huko, maana kutafuta kwenyewe hakukwisha.

Mama mkwe akaamua kwamba aliyeondoka na kusi atarudi na kaskazi. Na kwao Jambiani, alikozaliwa, ndege mgeni akitua uani basi mtu yuko njiani, na mgeni hasubiriwi afike ndipo apikiwe. Kwa hiyo siku keremkerem wa kwanza alipotua kwenye kamba, sahani ya mwanawe ilipakuliwa kabla ya zetu, ikafunikwa kawa ya ukili, ikawekwa juu ya meza. Na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka ndege wajiondokee. Wallahi sahani ile ilitunzwa kuliko mimi.

Mwanzoni nilistahamili. Ikaja miaka ya foleni, nasimama tangu alfajiri, miguu inawaka moto, narudi nyumbani Vuga na mchele wa kutia huruma, na sehemu yake tunampakulia mtu asiyekuwepo! Lakini chakula chenyewe hakikulala hata siku moja. Jirani yetu, mjane wa nyumba ya pili, pua yake ilikuwa inajua saa. Magharibi ikisaliwa tu, hodi hodi.

"Hamjambo humu? Nimekuja kukutazameni tu."

Mama mkwe anamsogezea sahani. Jirani anakula taratibu, ananawa, anainua mikono kuomba Mwenyezi Mungu amrudishe mtoto wa watu salama. Sijapata kusikia dua isiyokuwa na haraka ya kujibiwa kama ile.

Na mimi je? Si mke, si mjane. Mashoga zangu wakininong'oneza, "Kunguru hafugiki, wewe. Nenda kwa kadhi akuvunjie ndoa." Nami nilitaka, siwafichi. Nilikuwa kijana, nataka nyumba yangu, nataka mtoto wa kumbeba. Lakini kwa kadhi anatakiwa shahidi aseme kwamba bwana ametoweka wala haleti matumizi, na nani wa kuyasema hayo mbele ya mama aliyefunika sahani? Kila nikigusia, jibu lilikuwa moja: "Subiri kaskazi, mwanangu." Kaskazi ikipita: "Subiri ijayo."

Kipupwe kimoja wakaja keremkerem wengine, rangi imefifia kidogo, wakatua kamba ile ile. Nikaona leo nimempata.

"Mama, hawa nao si keremkerem? Mbona huweki sahani?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini hatuli nguruwe.

"Hao wa kusi. Kusi inapeleka watu, haileti watu."

Elimu kama hiyo usishindane nayo. Nikaenda zangu kuanua nguo.

Kaskazi iliyofuata, jirani alikuja mchana, jua la utosini, wala hakungoja kuitikiwa hodi yake. Nikajua kuna jambo, maana jikoni hakukuwa na kitu. Kaka yake alikuwa amefika kutoka safari.

"Shoga yangu," akamwambia mama mkwe, "kaka yangu amemwona mwanao. Kwa macho yake. Ana duka, ana mke, ana watoto."

"Huko Arabuni?"

"Mombasa, shoga. Mombasa."

Mombasa! Hapo ng'ambo tu! Sisi miaka yote tunakodolea macho ndege wa Arabuni, kumbe bwana yuko Mombasa anauza vitunguu. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikasikia sauti yangu inageuka, nikajifunika uso kwa kanga, maana kilikuwa kilio.  Mama mkwe alivuta ungo, akaanza kuchambua mchele.

Magharibi nikapakua. Keremkerem walikuwa bado wamejipanga kwenye kamba, hawana habari. Kwa mazoea nikaijaza sahani yake kwanza, nikanyoosha mkono kuchukua kawa.

"Iache hiyo kawa," akasema. Akaichukua sahani, akaiweka mbele yangu. "Kula."

"Mama, hii ya mgeni."

"Hakuna mgeni. Na ndege usiwalaumu. Wao wanatoka mbali kuliko Mombasa, na kila mwaka wanafika."

Mlangoni jirani akapiga hodi. Siku hiyo hakuitikiwa, naye akaelewa, tukasikia kandambili zake zikirudi kwao.

"Kula ushibe," mama mkwe akasema tena. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa kadhi. Shahidi wako mimi."

Nikala, machozi yanachanganyika na mchuzi. Yeye hakugusa chake. Alikaa ananitazama mpaka punje ya mwisho, kisha akanyanyuka, akaichukua ile kawa na kuipeleka jikoni kuwashia moto.