Bungo Halichumwi

Mama mkubwa wangu, Ruthu, ni mkulima wa uwele na karanga huko Mvumi, na ubishi amezaliwa nao. Mumewe alifariki mapema, mtoto hakujaliwa, na mapenzi yake yote akayaweka kwa mdogo wake, Lea, mama yangu.

Kule korongoni kuna mbungo wa porini uliotambaa juu ya mkwaju mpaka kileleni. Enzi za kuchunga mbuzi, yeye na mama walikula matunda yake mpaka meno yakaingia ganzi. Sharti la mama mkubwa lilikuwa moja: bungo halichumwi. Ukilivuta linatoa utomvu mweupe, na hata likiiva baadaye halina utamu. Unakaa chini, unasubiri lidondoke lenyewe. Watoto waliochuma aliwakimbiza na fimbo, na wachoma mkaa walioutaka ule mkwaju aligombana nao mpaka wakachoka wao.

Mwaka huu mama aliugua saratani ya ini. Tulimrudisha nyumbani, chakula kikamshinda. Jioni moja akasema, "Dada, natamani bungo."

Mama mkubwa aliondoka alfajiri. Mvua zilikuwa zimechelewa, kwa hiyo mabungo mengi yalikuwa bado kijani, machache ndiyo kwanza yanageuka rangi. Akatandika khanga chini ya mbungo, akakaa. Mchana nilimfuata huko, nimejaa hasira.

"Mama mkubwa, chuma hata moja twende. Mgonjwa hana muda."

"Siwezi kumpelekea Lea kitu kibaya," alinijibu, macho yakiwa juu kwenye majani. "Violeth, rudi ukakae naye. Nakuja."

Usiku ule hakurudi.

Asubuhi mama alikata roho, mkono wake nimeushika. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia uani mama mkubwa alipotokea njiani, anatembea haraka, kashika bungo moja la rangi ya chungwa, limeiva vizuri kabisa. Aliposikia vilio alisimama. Halafu akaingia ndani, akakaa sakafuni karibu na mdogo wake.

"Aliliulizia?" akasema.

Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda, lakini sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia yeye asubuhi ile.

"Hapana, mama mkubwa. Bungo hakulitaja tena. Usiku kucha alikuwa anakuulizia wewe."