Mpara samaki wa Nyegezi na tai aliyeacha kuzaa

Saa moja asubuhi, Selina Kashindye anagonga sahani ya bati kwa mpini wa kisu. Anatazama juu ya ziwa, anasubiri, anagonga tena. Hakuna anayekuja.

“Amenuna,” anasema, na kurudi kupara sato wake. “Bibi akinuna, basi tena.”

Bibi si mtu. Ni tai, yule mwenye kichwa cheupe anayekula samaki. Wavuvi wa mwalo huu mdogo wa kushushia samaki, kusini ya Nyegezi, wanamtambua kwa kidole kilichokatwa na nyavu. Selina, mwenye umri wa miaka 59, alianza kupara samaki hapa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na anasema alimkuta Bibi tayari ana mume na kiota juu ya mkuyu.

“Kila kiangazi alikuwa anatoa makinda. Makelele yake sasa! Huwezi hata kuelewana bei na mteja.”

Siku hizi kiota kiko kimya. Bibi anaatamia mpaka anachoka, mayai hayaanguliwi. Macho nayo yamepungua nguvu. Anajirusha majini na kuibuka na kucha tupu.

“Nilimwona akimkosa samaki aliyekufa, anaelea tumbo juu,” anasema mvuvi Oyugi, akicheka hadi anakohoa. “Aliyekufa kabisa!”

Hapo ndipo Selina alipoanza kumgongea sahani na kumtupia vipande, na Bibi akazoea.

Mambo ya Selina mwenyewe si mazuri. Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe, sangara anapakiwa garini mzima mzima, na wapara wamebaki kugombea sato. Mwaka juzi alikwenda kuomba kazi kwenye kiwanda kimojawapo.

“Wakaniangalia mikono, wakasema mama nenda kapumzike. Nipumzike nile nini?”

Mwandishi wa habari hizi alipouliza kama ndiyo sababu ya kumwonea huruma tai, aliambiwa asimletee maneno ya redioni.

Tatizo lilianza kiangazi hiki. Tai jike kijana alitua mkuyuni, na Bibi, tumbo likiwa limejaa samaki wa Selina, akamvamia. Walipigana mpaka manyoya yakadondokea kwenye beseni za wateja. Bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, Nathaniel Mihayo, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya viboko wanaokula mashamba, akamwita Selina pembeni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Sema.”

Akamweleza kwamba mnyama wa porini naye huzeeka. Nguvu zinamwisha, mayai yanapungua, mwishowe hayaanguliwi.

“Ila uzee wake sisi hatuuoni sana, mama, maana njaa inamwahi, au adui. Huyu tunamwona kwa sababu unamlisha. Sasa anapata nguvu ya kushikilia mti, na wanaoweza kuzaa wanakosa mahali.”

“Kwa hiyo akiacha kuzaa, asile?”

“Sijasema asile.”

“Ndivyo ulivyosema!”

 Neno lile lilimuuma Selina, hafichi. Kilichomuuma zaidi, anasema, ni kwamba na yeye aliyakumbuka yale makelele ya makinda.

Basi juma lililopita alibeba ubao wake, kisu na sahani, akahamia kwenye mawe upande wa pili wa ghuba, mbali na mkuyu, ili Bibi amfuate huko na kuuacha mti. Ndipo hapa alipo asubuhi hii. Mteja akitaka kumfikia lazima apite kwenye matope. Na kwa wapara, ukiacha nafasi yako umeiacha. Teodora, mpara mwenzake, aliikalia asubuhi ile ile.

“Nilimwambia, dada, unahama kwa ajili ya ndege?” anasema Teodora. “Akaniambia, kalia, usiniulize.”

Nathaniel hana uhakika kama itasaidia. Bibi anaweza kumfuata Selina, anaweza pia kubaki apigane mpaka afe.

Tangu Selina ahame, Bibi hajakanyaga hapa. Jua linapanda, wateja ni wa kuhesabu. Kutoka mkuyuni zinasikika sauti mbili, moja ya dume, nyingine ngeni.

“Mume ameshaoa,” Selina anasema. “Wanaume!”

Anagonga sahani, safari hii bila kutazama juu. Kivuli kinapita kwenye ubao. Bibi anatua juu ya jiwe, bawa moja linaning’inia, manyoya ya shingoni yamenyofolewa. Selina anamtupia kipande. Anakidonoa, anakikosa. Selina anakisogeza kwa mguu, taratibu, mpaka kinagusa zile kucha, na Bibi anakula.

Selina anajifuta macho kwa mkono ule ule wa kazi, magamba yanabaki shavuni.

“Nataka nisikie kinda akilia juu ya ule mti kabla sijaacha kisu,” anasema. “Na huyu, siku yake ikifika, imkute ameshiba.”