Bafu Lililootesha Maharage

Ukimkaribisha Leonidasi Ntirampeba nyumbani kwako, macho yake hayaanzi kwako. Yanaanza juu, pale ukuta unapokutana na dari. Huzunguka pembe zote za chumba, kisha hushuka, ndipo mdomo unatoa salamu. Asiyemjua humdhania ana majivuno. Mkewe, Divine, alikwisha kuchoka kumwombea radhi. Akiulizwa hujibu tu, "Anatafuta unyevu. Mwacheni, akimaliza atakaa."

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alizaliwa kambini Mtabila, chini ya shitingi, lile turubai la plastiki walilogawiwa wakimbizi kuezekea. Mvua ya milimani ilipopiga, shitingi lilivuja pale tu lilipotoboka, na lilipotoboka mama yake aliweka kiraka. Kambi ilipofungwa, mama alikuwa ameshaolewa na mwenyeji, Mha wa Heru Juu, hivyo wao wakabaki. Shitingi nalo likabaki. Lilifunika kuni, likaanikiwa mihogo, likatandikwa chini ya magodoro. Leonidasi alikua, akajifunza Kasulu mjini kupanga vigae, au tailizi kama wasemavyo mafundi, na katika akili yake hakukuwa na kitu duniani kinachozuia maji kuliko shitingi.

Kwa hiyo Abdalah, mfanyabiashara wa maharage, alipomwita amjengee mama yake bafu ghorofani, hakusumbuka kufikiri. Nyumba ya Abdalah ina ghala chini na familia juu. Mama yake, Bi Firdausi, aliletwa kutoka Ujiji baada ya miguu kuanza kumkatalia. Bafu la zamani lilikuwa uani, na ngazi zilikuwa zimemshinda.

"Dukani wana dawa ya kupaka kuzuia maji," Abdalah alisema.

"Ya nini, bosi? Mimi utoto wangu wote nimelala chini ya shitingi, sikulowa."

Abdalah alicheka, akaafiki. Leonidasi akatandaza shitingi sakafuni, akamwaga saruji juu yake, akapanga vigae vya rangi ya maziwa. Bi Firdausi akaanza kuoga peke yake, mlango ameufunga, akiimba kaswida kwa sauti ambayo wajukuu hawakujua kama anayo.

Aliimba mpaka msimu wa kuuza. Siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa mlangoni, wachukuzi wanatoa magunia, na mmoja wao akasimama katikati ya ghala.

"Bosi! Njoo uone shamba lako."

Gunia lililoegemea ukuta wa chini ya bafu lilikuwa limefunguka mshono, na maharage yalikuwa yamechungulia kwa vichipukizi vyeupe, yamejikunja, yanatafuta mwanga. La nyuma yake vilevile. Ukuta ulikuwa umelowa tangu juu hadi chini, ingawa dari lenyewe lilikuwa kavu kabisa.

Leonidasi aliitwa, akavunja sakafu kwa tindo huku Abdalah amesimama mlangoni. Shitingi lilitoka zima.

"Halijatoboka," Leonidasi alisema, amelishika mikononi.

"Na maharage yangu hayajatoboka," Abdalah akajibu. "Yameota tu."

Wachukuzi walicheka hadi wakakaa chini. Kabla jua halijazama jina lilikuwa limeshafika sokoni. Leonidasi akawa Bwana Shamba. Akipita, mtu humuuliza mbolea iwekwe lini. Mwingine humwomba akampigie sakafu bondeni, maana mwaka huu mvua ni haba. Kazi za bafu zikakoma. Aliitwa kwenye sebule na baraza, mahali ambapo maji ni ya deki tu.

Bi Firdausi alirudi kwenye beseni chumbani, mkwewe akimsugua mgongo. Hakulalamika, lakini kaswida ilikoma.

Leonidasi alihamia Kibondo kwa muda, akijidanganya kwamba huko hajulikani. Fundi aliyempokea, mtu mzima aitwaye Pasikali, alikuwa anamalizia mabafu ya hosteli. Asubuhi ya kwanza alimkaribisha kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Bwana Shamba."

"Na wewe umesikia, kaka?"

"Kibondo yote imesikia. Shika brashi."

Pasikali hakuwa mwalimu wa maneno mengi. Alimpeleka kwenye bafu ambalo halijawekwa vigae, akamwambia aoneshe maji yatapita wapi. Leonidasi akaonesha katikati ya sakafu.

"Hapo? Hapo maji yanapita njia tu, kama wewe unavyopita sokoni. Yanakokwenda ni huku." Akagusa kwa kidole cha mguu kona, kisha shina la bomba, kisha tundu la kutolea maji. "Shitingi lako ulilikata wapi?"

"Lilipofika ukutani."

"Basi uliyachongea njia."

Leonidasi alichuchumaa pale pale. Paa la Mtabila lilikuwa na mteremko, na ukingo wake uliyamwaga maji nje, uani. Sakafuni ukingo ule ule uliyamwaga ndani ya ukuta. Alikuwa amechukua paa akalilaza chini, bila kujiuliza maji yakifika mwisho wake yataelekea wapi.

Alirejea Kasulu baada ya hosteli kukamilika. Aliyemwita hakuwa Abdalah. Bi Firdausi ndiye aliyeagiza.

"Mama, mafundi wamejaa mji huu," Abdalah alimsihi.

"Hao hawajawahi kuona maji yalipopita. Huyu ameyaona. Mwiteni huyo huyo Bwana Shamba wenu."

Abdalah alimpokea ngazini. "Sikiliza, fundi. Mama ndiye aliyekutaka. Likivuja tena, sikutaki mlangoni kwangu, wala yeye simjengei lingine. Ataoga kwenye beseni mpaka Mungu amchukue."

"Nimekusikia, bosi."

Safari hii alichagua polepole. Dukani kulikuwa na karatasi nene ya lami inayobandikwa kwa moto wa gesi. Aliikunjua, akaikunja tena. Ni nzuri kwa paa pana la zege, lakini bafu la Bi Firdausi lilikuwa dogo, limejaa kona na mabomba, na kila kona ingetaka mkato na kiungo. Akachukua dawa ya kupaka, ile ya unga wa saruji unaochanganywa na maji yake mazito meupe, kwa sababu huingia hata mahali ambapo mkono hauingii.

Alisawazisha sakafu iteremkie tunduni. Kona akazijaza saruji hadi zikawa na mviringo kama ndani ya bakuli. Juu ya kona, na kuzunguka kila bomba, akalaza vipande vya wavu ndani ya dawa mbichi. Mkono wa kwanza wa dawa aliupaka kwa urefu wa chumba, wa pili kwa upana, na ukutani akapanda mpaka juu ya kichwa chake. Baridi ya milimani ilichelewesha kukauka. Abdalah alikuja kila asubuhi kugusa kwa kidole.

"Bado tu? Weka tailizi tumalize."

"Bado, bosi. Tailizi ni urembo. Kinachozuia maji ni hiki."

Dawa ilipokauka vizuri, aliziba tundu kwa kitambaa alichokifunga ndani ya mfuko, akajaza maji hadi kifundoni, akaweka alama ya penseli ukutani. Chini, Abdalah alisogeza gunia la maharage makavu likaegemea ukuta ule ule, akafunga ghala, akatia ufunguo mfukoni.

"Hafungui mtu ila mimi. Yakiota, nakupa na jembe."

Maji yakalala humo. Kesho yake, Ijumaa, Leonidasi aliingia bafuni akapiga magoti. Maji yalikuwa chini ya alama, unene wa ukucha. Dirisha lilikuwa wazi usiku kucha na upepo ulikuwepo; huenda ndio ulioyanywa. Huenda si upepo. Kutoka juu hapakuwa na namna ya kujua.

Alishuka uani. Ghala lilikuwa na kufuli, na Abdalah alikuwa msikitini, ufunguo ndani ya mfuko wa kanzu. Wachukuzi walikuwa wameshajikusanya mlangoni, mmoja amebeba jembe begani. Divine alikuwa amefika pia, amesimama kando.

Juu, Bi Firdausi alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya bafu, kanga begani, dodoki na sabuni mapajani.

"Bibi, hata ghala likiwa kavu, bado tailizi," Leonidasi alimwita kutoka chini.

"Tailizi utaweka nikishaoga. Amerudi?"

"Bado, bibi."

Kutoka upande wa msikiti watu walianza kutoka, mmoja mmoja, wakivaa viatu. Leonidasi alizitazama kofia, akitafuta ya Abdalah.

"Sasa je?" Bi Firdausi aliuliza.