Hina ya Mama Mwaka wa Vita vya Maji

Kichwa cha mama kilikula hina kuliko mikono ya maharusi wawili. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyeitafuta, nikaianika, nikaitwanga na kuipaka, na mwaka ule wa vita vya maji sikuwa na nguvu hata za kujitwangia chakula changu mwenyewe. Wenzangu wakikumbuka vita husimulia moto na bunduki. Mimi nakumbuka kinu. Mabega yananiuma mpaka leo.

Mama alianza kuota mvi angali anazaa. Baba hakuzipenda na wala hakuficha. Alikuwa akimtania, "Nimeoa msichana, nimeamka na bibi." Basi akampandia mhina nyuma ya nyumba, na mwezi ukiandama huchuma majani mwenyewe akamletea. Hina ina tabia yake. Kwenye nywele nyeusi utapaka mpaka uchoke, huoni kitu. Kwenye mvi inashika, inakuwa nyekundu ya kutu. Kwa hiyo kwetu mwenye kichwa chekundu ni mtu mzima, na kila mtu anajua. Mama hakuwa akimdanganya mtu umri. Alipaka kwa sababu ana mume, basi.

Na hapo ndipo penye maneno. Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, hana manukato, hana wanja, hana hina. Kwa hiyo mwanamke anayepita kisimani na kichwa kibichi cha hina anawaambia watu, bila kufungua kinywa, kwamba mumewe yu hai.

Baba alichukuliwa kabla ya Ramadhani. Askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, walifika kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Mohoro, wakakusanya wanaume wa kuwabebea mizigo kwenda kusini, kwenye vilima vya Umatumbi, vita vilikokuwa vimewaka. Baba hakuwa amekunywa dawa ya maji wala kushika mkuki. Alikuwa anasuka mtego wa samaki. Walimwambia inuka, akainuka.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Wengine walirudi, yeye hakurudi. Askari walipopita mara ya pili walichoma nyumba yetu na ghala letu, na mhina wetu ukaungua pamoja na choo. Mimi na mama tukahamia shambani bondeni, kwenye dungu, kile kijumba cha juu ya miti tunachokaa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Tulikuwa wawili tu. Mimi mume alikuwa ameniacha mwaka uliotangulia, sina mtoto, nimerudi kwetu na mkeka wangu mmoja.

Tulikula ndiga, vile viazi vya porini ambavyo usipoviloweka siku kadhaa mtoni vinakulevya, na pengine vinakuua. Kuchimba ndiga ni kazi ya punda. Nikirudi jioni kucha hazina rangi, mgongo haunyooki, na mama ananitazama ananiambia, "Mwezi umeandama, mwanangu."

"Mama, watu hawana chumvi, wewe unataka hina?"

"Nimekwambia mwezi umeandama."

Haya. Nikaanza kwenda kuchuma kwenye kiambo kimoja kilichohamwa, ng'ambo ya vijito viwili, ambako mhina ulibaki umesimama peke yake. Kwenda ni asubuhi nzima. Majani unayaanika kivulini, siyo juani, jua linayaua. Ukiisha unatwanga, unachekecha kwa kitambaa, unachanganya na maji ya moto na ukwaju, maana ndimu hazikuwepo, kisha unaacha mpaka yaumuke na kutoa ule wekundu juu. Halafu unagawa nywele fungu kwa fungu, unapaka kuanzia kwenye ngozi, unafunika kwa jani la mgomba na kufunga kitambaa. Mama anashinda hivyo mpaka alasiri, kichwa kimemvimba, maji ya hina yanamchuruzika shingoni, huku anafukuza ndege kwa kombeo. Ungemwona ungecheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechoka.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa tumbo moja, alikuwa akija kututazama. Hakuwa mtu mbaya. Alilisha nyumba yake na robo ya yetu, na alikuwa amekonda kama sisi. Lakini alitaka jambo liishe. Alikaa chini ya ngazi ya dungu, akamwambia mama, "Shemeji, watu wanasema. Mtu hajaonekana, nawe unajipamba. Kaa eda, tusome hitima, mambo yaende. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo," mama akamjibu kutoka juu. "Hili hapa kichwani kwangu."

"Mimi nimechoka, shemeji. Nimechoka kuwa mdogo wa mtu asiyejulikana kama yupo."

"Kachokee kwako."

Sote watatu tulijua nini kinafuata baada ya eda. Mjane kwetu hurithiwa na ndugu wa mume, na baba mdogo ndiye ndugu. Mama akikaa ndani ile miezi minne, akitoka atakuta mkeka umekwisha kutandikwa. Lakini siyo hilo lililompa ukaidi. Alimtaka mumewe. Aliniambia wazi wazi, mwanamke wa umri wake, bila haya: "Namtaka baba yako. Akirudi asinikute bibi."

Habari ilinikuta mimi mtoni. Ulikuwa mwanzo wa mfungo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, nami naloweka ndiga. Akaja mtu mmoja wa ng'ambo aliyekuwa amebeba mizigo pamoja na baba. Miguu yake ilikuwa vidonda vitupu. Alinipa mkono, akaniuliza kama mimi ndiye binti wa fulani, nikasema ndiye. Akaniambia baba alishikwa na tumbo la kuhara damu njiani, wakamlaza chini ya kichaka, na siku ya kumi ya mfungo mosi akakata roho. Walimzika wao wenyewe na wakamsalia.

"Nifikishie pole kwa mama yako," akasema. "Mimi mguu haunifikishi huko."

Nikasema nitafikisha.

Nilikaa pale majini mpaka vidole vikakunjamana. Nililia, ndiyo, baba yangu nilimpenda. Lakini nitasema na lililo baya, maana sina wa kumficha tena. Nilipomaliza kulia nilianza kufikiri kazi. Mpunga ulikuwa ndio unaota. Mama akikaa eda hashuki kwenye dungu, hachimbi ndiga, hafukuzi ndege wala hapalilii. Mikono minne itakuwa miwili, nayo ni hii yangu. Tutakufa, nikasema. Sitamwambia sasa. Nitamwambia mpunga ukiingia ndani, akae eda yake akiwa ameshiba, alie vizuri.

Wallahi nilidhani eda inamngoja mtu. Nilidhani inaanza siku unapoambiwa, kama msiba unavyoanza. Kijijini kote hakuna mwanamke aliyefikiri vingine, maana kwetu watu walifia vitandani mwao na habari na kifo vilifika pamoja.

Basi nikarudi, nikamsalimu mama, nikala. Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake. Siku ya tatu nikaenda kuchuma hina.

Mara ya kwanza nilipaka upesi upesi nimalize. Mara ya pili, mfungo tatu, mama alinisifu kwamba siku hizi napaka taratibu, simvuti nywele. Mara ya tatu alikuwa anaongea na baba huku nampaka, kimasihara tu, kama mtu anayemsema mtu aliye chumba cha pili: "Wewe kaa huko huko na Wamatumbi wako, utanikuta nimeolewa." Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Nilimwonea hasira kwamba hajui, kama kwamba kutojua ni uvivu wake. Mara ya nne, mfungo tano, mpunga ulikuwa umeanza kupinda vichwa, nami nilikuwa nampaka bila kufikiri, kama unavyokandika ukuta. Hata machozi yalikuwa yameniishia.

Tulivuna. Haukuwa mwingi, lakini uliingia. Siku nne tulikula wali mpaka matumbo yakauma. Na mfungo sita ulipoandama, mama akasema, "Mwanangu, mwezi." Nami nikaweka chini ungo niliokuwa nimeushika.

"Mama, leo sipaki. Baba amekufa."

Hakupiga kelele. Aliniuliza nani amesema, nikamtaja mtu wa ng'ambo. Akauliza lini, nikamwambia siku ya kumi ya mfungo mosi. Sikumwambia nimejua tangu lini, na yeye hakuuliza. Alivua shanga za kiunoni, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Nitafutie kitambaa cheupe. Na mwambie baba yako mdogo amlete mwalimu, aniingize eda kwa utaratibu."

Niliona amepungua mbele ya macho yangu, na hata hivyo niliona kama ametua mzigo. Miezi yote ile alikuwa ameikimbia eda, na sasa aliitaka. Alitaka kuingia chumbani, afungiwe mlango, asiulizwe kitu na mtu.

Mwalimu alikuja, mzee mpole, akakaa barazani kwa baba mdogo, mama akiwa nyuma ya pazia nami kando yake. Aliuliza siku ya kifo. Akahesabu kwa pingili za vidole, mfungo mosi, pili, tatu, nne, tano. Akarudia. Kisha akakohoa.

"Mama, pole sana. Lakini huna eda."

"Sina vipi?"

"Eda huhesabiwa tangu siku mume aliyokufa, siyo siku mke alipopata habari. Miezi minne na siku kumi yako ilikwisha ishirini ya mfungo tano. Imepita. Sasa wewe huna kifungo."

"Siku hizo mimi nilikuwa napaka hina," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza kosa dogo. "Nilikuwa nafukuza ndege. Nilikuwa namtania."

"Hukujua. Asiyejua hana dhambi."

"Na mimi nitamkalia lini mume wangu?"

Mwalimu akasema kulia hakukatazwi, na akamwombea dua. Baba mdogo, masikini, alidhani anasaidia. "Basi shemeji, kama ni hivyo, hakuna kizuizi."

"Kizuizi ni mimi," mama akamwambia.

Mwalimu alipokwisha kuondoka mama alinigeukia. "Yule mtu wa ng'ambo. Ulimwona lini?"

Ningeweza kusema jana. Nilikuwa nimelitayarisha kabisa hilo neno. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo nao unataka nguvu. Nikasema, "Mfungo pili, mwanzoni."

Alihesabu naye, kwa pingili, kama mwalimu. "Umenipaka mara nne."

"Mpunga, mama. Ningeufanyaje peke yangu?"

"Mpunga," akasema. "Nimekusikia."

Akaingia chumba cha ndani, pale pale kwa baba mdogo, akajifungia. Eda ambayo hakuwa nayo aliikaa, miezi minne na siku kumi, kwa hesabu yake mwenyewe, na mwalimu alipoambiwa hakumkataza. Chakula alipelekewa na mke wa baba mdogo. Mimi hakunitaka mlangoni. Nilikuwa nasikia anakohoa, nasikia anasali, na nikisema "Mama, umeamkaje?" anajibu "Salama," kama unavyomjibu mpita njia. Wali ule niliomnyima eda yake kwa ajili yake niliula peke yangu, na haukuwa na ladha. Nasema ukweli, haukuwa na ladha.

Siku aliyotoka ndipo aliponiita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa wazi. Mvi zilikuwa zimeota nyeupe kutoka kwenye ngozi, urefu wa vidole viwili, na juu yake wekundu umebaki mpaka nchani. Alinipa mkasi wa kuazima.

"Nikate, mama? Huu wekundu wote?"

"Usikate wote kwa pamoja. Ule wa nchani ni wa baba yako, niliupaka namngoja, na nilikuwa na haki. Kata kwanza pale ulipojua wewe. Wa kwangu nipe mkononi niutunze, wa kwako ukate uutupe."

Nilipiga magoti nyuma yake. Niligawa nywele fungu kwa fungu, kama zamani. Niliinua fungu moja juani, nikaliacha, nikainua jingine. Hina hupakwa juu ya hina. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nimepitisha mkono ule ule kuanzia kwenye ngozi mpaka mwisho, na wekundu wote ulikuwa mmoja. Nilitafuta mpaka mkono uliobeba mkasi ukafa ganzi, na mama ametulia, ameinamisha shingo, ananingoja.

"Mama," nikasema, "sipaoni."

"Hata mimi," akasema, "sikupaona."